Msimu wa ritani unakaribia, panga karatasi zako kabla hujagusa fomu

Kila mwaka ni yale yale, watu wanakaa kimya miezi yote alafu zikibaki siku tatu ndo simu zinaanza kuita, saiti ya mapato imezidiwa haifunguki, paswedi imesahaulika, fomu ya mwajiri haijulikani iliwekwa wapi, na mtu anaishia kuandika namba za kukisia ili mradi tu atume. Mi nimekuwa nikiwasaidia ndugu na wafanyakazi wenzangu kujaza ritani, yani ile fomu ya kodi ya mwaka unayotuma kwa mamlaka ya mapato, misimu kadhaa sasa, na nakwambia ukweli fomu yenyewe ni ya saa moja tu, kazi kubwa ni kukusanya na kulinganisha. Mamlaka ya mapato tayari inazo namba zako nyingi, mwajiri ameshapeleka zake, benki mara nyingi nayo imeshapeleka, kwahiyo namba unazoandika wewe zinatakiwa zisomane na walizonazo wao, na pale zisiposomana uwe unajua kwa nini kabla hujabonyeza kutuma. Hilo ndo nataka tulifanye hapa, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: jua mwaka wako wa kodi na tarehe zako mbili

Mwaka wa kodi sio lazima uwe Januari mpaka Desemba. Kenya na Marekani ndivyo ulivyo kwa watu binafsi, ila Australia unaanza 1 Julai mpaka 30 Juni, India 1 Aprili mpaka 31 Machi, na Uingereza unaanza 6 Aprili unaisha 5 Aprili mwaka unaofuata. Hili nalisema kwa sababu nimeshaona mtu amekusanya slipu za mshahara za miezi 12 vizuri kabisa, kumbe nusu ni za mwaka mwingine wa kodi. Hasa ukihama nchi, usibebe kalenda ya ulikotoka.

Alafu andika tarehe mbili, ya kutuma ritani na ya kulipa. Watu wengi wanadhani ni kitu kimoja. Kenya unatuma kabla ya 30 Juni kupita lakini salio la kodi unatakiwa uwe umelilipa mapema zaidi, kufikia 30 Aprili. Kanada aliyejiajiri ana mpaka 15 Juni kutuma, ila kulipa ni 30 Aprili kama wengine wote. Marekani ukiomba muda wa ziada kwa fomu 4868 unapewa mpaka 15 Oktoba, lakini muda huo ni wa karatasi tu, hela ilitakiwa iwe imeingia Aprili na riba inahesabiwa tangu hapo. Nimeona watu wazima wanalia kwa hili, mtu ameomba muda, amekubaliwa, amekaa na amani miezi sita, alafu anakutana na riba na faini juu ya deni.

Na tafadhali sana, kama huna hela ya kulipa TUMA RITANI HIVYO HIVYO. Huu ndo ushauri ninaourudia kuliko wote. Mtu akishaona anadaiwa anaogopa, anaacha kutuma kabisa akisubiri apate hela, na hapo ndo anajiumiza. Angalia Marekani: faini ya kutokutuma ni asilimia 5 ya kodi unayodaiwa kila mwezi mpaka ifike 25, lakini kutuma bila kulipa ni nusu asilimia kwa mwezi, yani mara kumi kidogo. Uingereza ukichelewa kutuma ni pauni 100 hapo hapo hata kama hudaiwi hata senti. Kenya kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Ukishatuma unaweza kuomba kulipa kidogo kidogo, mamlaka nyingi zina utaratibu huo na anayejitokeza mwenyewe anasikilizwa tofauti na anayetafutwa.

Hatua ya 2: ingia kwenye akaunti yako sasa hivi

Sio siku ya kujaza, sasa hivi, miezi miwili kabla. Jaribu paswedi. Jaribu namba ya siri inayotumwa kwenye simu, inakuja kwenye laini gani? Wengi walisajili kwa laini ambayo walishaiacha zamani au kwa imeli ya kazini, alafu wakaacha kazi na imeli ikafungwa, sasa namba ya siri inaenda kwa imeli ambayo huwezi kuifungua tena maisha. Kubadilisha hayo kuna nchi unatakiwa uende ofisini na kitambulisho, kwingine wanakutumia barua kwa posta, vyote hivyo vinakula wiki.

Ukishaingia kagua na jina linasomeka kama kwenye kitambulisho, na akaunti ya benki ya kurudishiwa hela bado ni yako na iko hai. Kama kuna taarifa ambazo mfumo umeshakujazia, usizibadilishe bado, zipige skrinshoti tu uweke pembeni, tutazirudia.

Hatua ya 3: orodhesha kila hela iliyoingia

Hapa ndo watu wanateleza bila hata nia mbaya. Mtu ukimuuliza kipato chako nini anakwambia mshahara, basi. Kaa naye na taarifa ya benki na ya pesa za simu, pita mwezi kwa mwezi, mstari kwa mstari, utasikia "aah hii ni ile kazi niliyomfanyia yule jamaa", "hii ni kodi ya kile chumba cha nyuma", "hii ni riba ya akiba". Vyote hivyo vinatakiwa kuangaliwa. Vingine vinatozwa, vingine vimeshakatwa kodi huko huko vilikotoka, vingine vimesamehewa, ila huwezi kujua kama hujaviandika.

Chukua daftari au fungua eksel, weka tarehe, hela imetoka kwa nani, ya nini, kiasi gani, na kama kodi ilishakatwa. Kwenye mshahara weka na vitu ambavyo haviji kama hela, mfano nyumba ya kampuni au gari, sehemu nyingi vinahesabiwa kama kipato. Kazi za mtandaoni unazolipwa na mteja wa nje ya nchi nazo zimo, usidanganywe na anayesema hela ya nje haihusiki, nchi nyingi zinatoza mkazi wake kwa kipato cha kokote duniani, na kama ulishakatwa kodi huko mara nyingi kuna njia ya kuombea nafuu usilipe mara mbili, lakini lazima uwe na karatasi ya kuonyesha ulikatwa.

Upande wa pili usijitwishe mzigo usio wako. Mkopo sio kipato. Hela uliyohamisha toka akaunti yako moja kwenda nyingine sio kipato. Rafiki aliyekurudishia hela uliyomlipia juzi, sio kipato. Mi huwa naandika maelezo pembeni ya kila mstari wa namna hiyo siku ile ile ninaopitia, maana ukija kuulizwa baada ya miaka mitatu ile laki ilitoka wapi hutakumbuka, na "sikumbuki" sio jibu zuri mbele ya mkaguzi.

Hatua ya 4: slipu 12 na fomu moja

Kama umeajiriwa, mwajiri anakupa karatasi moja ya mwaka mzima inayoonyesha ulilipwa jumla kiasi gani na ukakatwa kiasi gani. Kenya inaitwa P9, Uingereza P60, Marekani W-2, Kanada T4, Afrika Kusini IRP5, India Fomu 16. Idai mapema, na usiipokee tu na kuinakili kwenye ritani. Ilinganishe.

Ntakuonyesha tunavyofanya. Zipange slipu zako mezani kuanzia mwezi wa kwanza wa mwaka wa kodi mpaka wa mwisho. Kwenye karatasi chora safu nne: mwezi, mshahara kabla ya makato, kodi iliyokatwa, michango ya lazima kama pensheni na bima. Jaza, jumlisha kwenda chini, alafu weka jumla hizo kando ya fomu ya mwaka. Msimu mmoja nilikaa na dada mmoja tukafanya hivi, jumla ya kodi kwenye slipu ikaja 486,000, fomu ya mwajiri inasema 468,000. Tofauti 18,000. Kuna kitu wahasibu wa zamani wanakijua, tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kwanza shuku kwamba kuna tarakimu mbili zimegeuzwa, na ndivyo ilivyokuwa, 8 na 6 zimebadilishana nafasi mtu alipokuwa anaandika. Bila ile karatasi ya safu nne yule dada angeonekana kakatwa pungufu na angelipa 18,000 mara ya pili kutoka mfukoni mwake. Kurekebishiwa fomu ilimchukua karibu wiki tatu, na alizipata hizo wiki tatu kwa sababu tu tulianza mapema.

Sio kila tofauti ni kosa. Wakati mwingine bonasi ya mwisho wa mwaka imelipwa mwezi uliofuata, au kuna marekebisho ya nyuma yameingia kwenye slipu moja kwa mkupuo. Muulize mtu wa mishahara, amehesabu mwaka gani? Akikujibu muombe akuandikie hata kwa imeli, uihifadhi.

Alafu rudi kwenye ile skrinshoti ya hatua ya 2. Slipu, fomu ya mwajiri, na kilichoko kwenye mfumo wa mamlaka, vitatu hivi vikikubaliana umemaliza sehemu ngumu. Kama mfumo unaonyesha pungufu inawezekana mwajiri alikukata ila hakupeleka, na hapo zile slipu zenye makato ndo ushahidi wako, zitunze kama dhahabu.

Hatua ya 5: kama ulikuwa na waajiri wawili

Hapa naomba usome taratibu maana ndo panapotoa madeni ya kushtukiza kuliko sehemu nyingine yoyote. Kodi ya mshahara inapanda kwa ngazi, sehemu ya kwanza haitozwi au inatozwa kidogo, inayofuata zaidi, na kuendelea. Sasa kila mwajiri mara nyingi anakukata kama vile yeye ndo mwajiri wako pekee, anakupa ile sehemu ya mwanzo ya bure, hajui kama mwenzie nae kakupa.

Tuchukue namba za mfano tu. Tuseme 300,000 za kwanza hazitozwi, 300,000 zinazofuata ni asilimia 10, zinazozidi hapo ni asilimia 20. Umefanya kazi mbili, kila moja imekulipa 400,000 kwa mwaka. Mwajiri wa kwanza anatoa 300,000 za bure, anatoza asilimia 10 ya 100,000 iliyobaki, anakata 10,000. Wa pili anafanya hivyo hivyo, 10,000. Umekatwa 20,000 jumla na unajiona uko safi. Lakini kwenye ritani kipato chako ni 800,000: za kwanza bure, 300,000 za kati zinatoa 30,000, na 200,000 za juu zinatoa 40,000. Kodi sahihi ni 70,000. Unadaiwa 50,000, na hakuna aliyekosea wala aliyekuibia.

Kwahiyo kama umehama kazi katikati ya mwaka au unafanya mbili kwa pamoja, piga hesabu hii mapema uanze kutenga hela. Nchi nyingine unaweza kumpelekea mwajiri mpya karatasi ya wa zamani akukate kwa usahihi, Uingereza ndo kazi ya P45.

Na hapo hapo niondoe woga mmoja, wapo wanaokataa nyongeza ya mshahara eti "itanipandisha ngazi nibaki na kidogo". Hapana jamani. Asilimia ya ngazi ya juu inagusa ile hela iliyozidi tu, zilizoko chini zinabaki na asilimia zake.

Hatua ya 6: vya kupunguza

Kuna vitu vya aina mbili na ukivichanganya utakosea makadirio. Kimoja kinapunguza kipato kinachotozwa, kingine kinapunguza kodi yenyewe. Ukiwa ngazi ya asilimia 20, punguzo la kipato la 10,000 linakuokolea 2,000. Nafuu ya kodi ya 10,000 inakuokolea 10,000 nzima. Tafuta kwenye orodha ya nchi yako vile vya kawaida: michango ya pensheni, riba ya mkopo wa nyumba, bima, misaada kwa taasisi zinazotambuliwa, nafuu kwa wenye ulemavu, watoto unaowatunza. Usidhani kila mahali vipo, na usidai kitu kwa sababu rafiki yako amedai.

Risiti ndo roho ya hatua hii. Zile karatasi laini za mashine zinafifia, ukiiacha kwenye pochi au kwenye gari juani miezi kadhaa inabaki nyeupe kabisa. Piga picha siku ile ile uliyoipata, tarehe na jumla na jina la muuzaji vionekane, iweke kwenye folda yenye jina la mwaka. Kwa aliyejiajiri ni zaidi, kila matumizi ya biashara unayodai yawe na karatasi yake, na simu au gari unalotumia kwa kazi na nyumbani unadai ile sehemu ya kazi tu, uwe na namna ya kueleza umeipataje hiyo sehemu.

Aliyejiajiri pia asisubiri msimu. Kila malipo yakiingia, tenga fungu la kodi kwenye akaunti nyingine kabla hujala hata senti. Sehemu nyingi unatakiwa ulipe kwa awamu mwaka ukiendelea, Marekani ni mara nne, Uingereza awamu ni 31 Januari na 31 Julai.

Hatua ya 7: jaza, lala, soma tena, tuma

Ukiwa na karatasi zote jaza fomu kwa mkao mmoja, ihifadhi bila kutuma, iache mpaka kesho. Kesho yake isome kama vile ni ya mtu mwingine. Angalia sifuri zilizozidi, mwaka sahihi, akaunti ya benki tarakimu kwa tarakimu. Linganisha na ya mwaka jana, kama kodi imeruka sana juu au chini uwe unajua sababu.

Kama kuna mtu anakujazia, mtu wa mtandaoni au mshauri, kaa nae. Usimsainie fomu tupu. Usimkubalie anayetaka asilimia ya hela utakayorudishiwa, huyo ana sababu ya kuongeza uongo na siku ya ukaguzi jina lililoko pale ni lako. Refandi iingie kwenye akaunti yako na sio yake. Na kuna wale wanaokujazia ritani ya sifuri haraka haraka ili apite mwingine, wakati wewe ulikuwa na mshahara mwaka mzima na mamlaka inauona. Ritani ya sifuri ni ya asiye na kipato. Kama ulishajaziwa hivyo miaka ya nyuma, irekebishe mwenyewe kabla hujaandikiwa barua, mifumo mingi inaruhusu kutuma marekebisho.

Msimu huu pia ndo wa matapeli, meseji inakuja "refandi yako iko tayari bonyeza hapa". Usibonyeze. Fungua saiti ya mamlaka kwa kuandika anwani mwenyewe, kama refandi ipo utaikuta humo, na paswedi yako usimpe mtu anayekupigia hata akijua jina lako na namba yako ya mlipa kodi.

Hatua ya 8: baada ya kutuma

Kutuma hakujaisha mpaka upate risiti ya kupokelewa yenye namba na tarehe. Idanlodi, iweke folda moja na nakala ya ritani, fomu ya mwajiri, ile karatasi ya safu nne, taarifa za benki na picha za risiti. Nakala nyingine iweke nje ya simu, maana simu zinapotea. Muda wa kutunza unategemea nchi, Kenya na Australia ni miaka 5, Kanada 6, Marekani kwa kawaida 3 tangu utume ila kuna hali zinazorefusha.

Barua ya maswali ikija usiifiche kabatini. Soma wanauliza mwaka gani na mstari gani, angalia tarehe ya mwisho ya kujibu, fungua folda ya mwaka huo na ujibu hicho tu walichouliza na karatasi yake. Yule dada wa 18,000 aliandikiwa barua mwaka uliofuata kuhusu ile ile fomu iliyorekebishwa, akachukua folda lake, akapiga picha ya safu nne na fomu mpya, akatuma mchana, na baada ya siku chache wakamjibu kwamba wameridhika.